Ukipata ufadhili, Amu itapata nini?

  Leo nataka tuketi kidogo na jambo linalokosesha nyumba nyingi usingizi baada ya matokeo ya Kidato cha Nne, kuanzia Eastleigh hadi Kisauni. Nalo ni fomu za ufadhili wa masomo ya chuo. Ila itakubidi uvuke maji nami hadi Amu, kisiwa ambacho wengi wenu mnakiita Lamu na mnakijua kwa punda na Maulidi tu.

Nilikuwa huko majuzi. Alasiri moja nilikuwa kwenye daka la nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu, mtaa wa Langoni, tukinywa kahawa chungu kwa kashata, mara akaingia mpwa wake, mama wa makamo, akifuatwa na binti yake wa miaka 18. Mama hakutaka kahawa. Alitoa karatasi mkobani na kumkabidhi mwenyeji wangu.

"Mjomba, hebu tusomee hii. Wataka aeleze uongozi wake. Uongozi gani? Huyu hata monita hakuwa."

Ilikuwa fomu ya shirika moja lisilo la kibiashara. Linalipa karo yote ya chuo kikuu, vitabu, malazi na hata nauli ya likizo. Binti alikuwa na alama za kutosha, na kila mahali amejaza vizuri kwa mwandiko wa kupendeza. Isipokuwa ukurasa mmoja. Hapo aliulizwa aeleze kwa maneno 500 namna alivyoongoza katika jamii yake, na ukurasa huo ulikuwa mweupe kama kanzu ya Ijumaa. Fomu ilikuwa inafungwa Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Binti alipoingia ndani kusalimia wenyeji, mama aliinama na kusema kwa sauti ya chini, kwa Kiamu chake, jambo ambalo nadhani ndilo hasa lililomleta: "Na akenda huyu, hayi tena." Yaani haji tena. Kaka zake wawili wameshaondoka kisiwani, mmoja yuko Mombasa na mwingine Uarabuni, na simu zao huja siku za Idi.

Nimekuwa nikiufikiria ukurasa ule mweupe na hofu ya mama yule tangu siku hiyo, na nimeona ni jambo moja. Hebu nieleze.

Kwanza tutenganishe mambo, maana siku hizi kila pesa ya shule huitwa ufadhili. Basari ya kaunti au ya eneo bunge ni msaada wa karo, hutoka kwa mafungu na aghalabu haitoshi. HELB, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, ni mkopo, na utaulipa hata ukijificha. Lakini iko aina ya tatu, ya mashirika na wakfu zinazobeba gharama zote za mwanafunzi kwa sababu zinamtazamia awe mtu fulani baadaye. Hizi ndizo zinazouliza habari za uongozi. Tena zinapenda wanafunzi wa asili mbalimbali: wasichana, watoto wa maskini, wakimbizi, watu wenye ulemavu, watoto wa pembeni mwa nchi. Na Amu, msomaji wangu, iko pembeni hasa.

Wazazi wengi hudhani wazo hili ni la Wazungu. Si kweli. Kutoka daka lile unatembea kidogo tu unafika Riyadha. Watu huujua msikiti ule kwa Maulidi yake yanayojaza mji kila mwaka, lakini mimi huuona pia kama mpango wa ufadhili uliokuwako kabla ya fomu kubuniwa. Habib Swaleh, mwenye asili ya ukoo wa Jamalilleyl, alikuja Amu kutoka Ngazija akiwa kijana, katika karne ya 19. Wakati huo elimu ya juu ya dini ilikwenda kwa nasaba, ikikaa zaidi katika nyumba za mawe. Yeye akafundisha Langoni, upande wa nyumba za makuti, akawapokea watumwa, waliokuwa watumwa na watu waliodharauliwa kwa asili zao. Alilaumiwa sana kwa jambo hilo na wakubwa wa mji, wala hakuacha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Riyadha ikasimama, na wanafunzi wakawa wanakuja kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, za pwani na za bara, wakilala bweni na kula bila ya karo, kwa sadaka na wakfu wa waumini. Waliohitimu walitawanyika, wengi wakafungua madrasa huko walikokwenda. Habib Swaleh alifariki katikati ya miaka ya 1930, na kazi ikaendelea mikononi mwa jamaa na wanafunzi wake.

Sikusudii kuhubiri, ukurasa huu si mimbari. Natazama hesabu yake tu. Alichagua wale ambao hakuna aliyewachagua, akawaweka pamoja, na walipoondoka waliondoka na kazi ya kufanya. Hakuna aliyeulizwa kama aliwahi kuwa monita.

Sasa linganisha na ufadhili mwingine ambao Wakenya wote tumesimuliwa. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda vyuo vya Marekani. Kazi hiyo ilikuwa ya Tom Mboya pamoja na shirika lisilo la kutafuta faida liitwalo African-American Students Foundation. Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walitia sahihi barua za kuomba michango. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukaingiza mkono mfukoni, na kufikia 1963 vijana karibu 800 walikuwa wamesafiri. Mmoja wa waliokwenda mwaka huo wa 1960 alikuwa msichana wa Nyeri aliyeingia chuo kimoja cha Kansas. Alirudi, akawa profesa, akapanda miti, akaipigania bustani ya Uhuru Park, akapigwa kwa ajili ya msitu wa Karura, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wangari Maathai humsahau?

Mpango ule ulitujengea wizara na vyuo vikuu. Lakini ili upate kiti ndani ya ndege ilibidi uwe na cheti cha sekondari, na sekondari za Waafrika wakati ule zilikuwa chache, nyingi zikiwa bara, mbali na visiwa. Ukichukua walio bora wa nchi nzima bila kutazama walikotoka, utapata watu bora, naam, lakini utawapata palepale ambapo shule zilitangulia. Ndege ya Mboya haikumbagua mtoto wa Pate. Ilipita juu yake tu.

Kwa hiyo mimi nikisoma mpango wowote wa ufadhili, kwanza natazama unavyochagua. Ule wa Equity ulioanza mwaka 1998, wakati huo Equity ikiwa bado haijawa benki, ulikuja kuchukua mvulana na msichana waliofanya vizuri zaidi katika kila wilaya ilikokuwa na tawi, ukawapa kazi ya muda kwenye tawi kabla ya chuo kikuu na kuwafundisha uongozi. Ule wa Wings to Fly, wa mwaka 2010, walioushirikisha Mastercard Foundation, ulilipia watoto wa sekondari, na wachaguzi walikuwamo watu wa mahali penyewe. Neno zito hapo ni "kila wilaya". Mtoto wa Faza akishindanishwa na mtoto wa Faza mwenzake au wa Mpeketoni, tunajua nani ana bidii. Akishindanishwa na mtoto wa shule kubwa ya kitaifa tunajua tu nani alikuwa na maabara.

Na hata hapo, tusijidanganye. Ndani ya Amu kwenyewe mna pembeni ya pembeni. Shule za wadi ya Basuba, kwa ndugu zetu Waboni, zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya mashambulizi yaliyoanza mwaka 2014. Mtoto wa huko aliyefikisha alama ya C ameogelea bahari kubwa kuliko mwenye A wa Nairobi. Mchaguzi asiyejua hilo atamwona kijana dhaifu.

Jambo la pili ni swali ambalo wazazi hawaliulizi kamwe: atakwenda na nani? Mjini New York mwaka 1989 mama mmoja, Deborah Bial, alianzisha shirika la Posse Foundation baada ya kumsikia kijana aliyeacha chuo akisema kwamba lau angekuwa na wenzake pale chuoni asingeacha. Basi Posse ikaanza kuwapeleka chuoni kwa makundi, vijana kama kumi wa mji mmoja wakienda chuo kimoja, karo ikibebwa na chuo. Huwafanyia mahojiano wakiwa kikundi, wakipewa kazi ya kufanya pamoja, na hapo huonekana nani anayesikiliza, nani anayemvuta aliyenyamaza, nani anayetaka kusema peke yake. Cheti hakionyeshi hayo.

Wewe uliyesoma Moi au Maseno ukitokea pwani unajua ninachosema. Baridi ya Eldoret alfajiri, ugali usiokuwa na samaki, mabuibui mawili katika ukumbi wa watu 300, na Ramadhani unafuturu peke yako kwa soda na mandazi ya kantini. Wengi wanaorudi nyumbani kabla ya kumaliza hawakushindwa na hesabu, walishindwa na upweke. Mimi binafsi nilisoma stashahada yangu ya uandishi kwa hisani ya ami yangu, na muhula wa kwanza ningefunga virago lau si jirani wa chumba aliyekuwa akinigongea mlango kila asubuhi, akidai amekwisha sukari. Hakuwa amekwisha sukari. Nilikuja kulijua hilo baadaye.

Nyumba ile ya Langoni ikielewa hili, mama hatasema "binti yangu peke yake". Atauliza ni wangapi wa visiwa hivi wanaochukuliwa, na kama kuna mtu mzima chuoni anayewaangalia.

Na sasa tuijie hofu yake ya kutorudi. Hapa kuna mpango ninaoupenda kwa namna ulivyofungwa. Mwaka 1983 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, yenye makao Jeddah, ilianza kuwasomesha vijana wa jamii za Waislamu katika nchi ambazo si wanachama wake, Kenya ikiwamo. Walipelekwa hasa kwenye udaktari, uhandisi na fani kama hizo. Kwa mwanafunzi fedha ile ni mkopo usio na riba, kwa jamii yake ni zawadi. Maana yake ni kwamba akishapata kazi huilipa pole pole, lakini hailipi kwa benki, huilipa kwenye mfuko wa jamii yake nchini, ili asomeshwe mwingine. Juu ya hayo alitakiwa kushiriki kazi za jamii akiwa bado anasoma. Nao mpango wa Mastercard Foundation wa vyuo vikuu, ulioanza mwaka 2012 na kufika Makerere mwaka 2013 na USIU ya Nairobi mwaka 2020, hutazamia mwanafunzi airudishie jamii iliyomlea. Kamba ya nanga inaachiwa ndefu, lakini haikatwi.

Tena kurudi si lazima iwe kurudi kulala kitanda kile kile. Umra Omar, mwenye asili ya visiwa hivi, alisoma Oberlin, huko Ohio, Marekani. Angeweza kubaki. Mwaka 2015 akaanzisha Safari Doctors, na wauguzi na madaktari wakawa wanakwenda kwa mashua na kwa barabara hadi vijiji vya mpaka wa Somalia ambako zahanati zilikuwa zimefungwa kwa uhaba wa usalama. Mwaka 2016 alikuwa miongoni mwa watu kumi waliotunukiwa na televisheni ya CNN. Mwaka 2022 akagombea ugavana wa Lamu. Hakushinda, lakini mtoto wa kike aliyeziona picha zake ukutani alishajifunza kitu.

Pengine unasema, haya mwandishi, Amu ni mji mdogo wa wavuvi, viongozi wote hao wa nini? Nitakujibu kwa makaa ya mawe. Kulikuwa na mpango wa kujenga Kwasasi, bara ya pili kutoka kisiwani, mtambo wa umeme wa makaa wa megawati 1,050. Ripoti yake ya mazingira ilikuwa kitabu kinene cha Kiingereza cha kitaalamu. Nani angemsomea mvuvi wa Shela kitabu hicho? Nani angemwambia maji ya moto yatakayomwagwa baharini yatamfanya nini kamba? Watu wa Amu, chini ya muungano wa Save Lamu, walikisoma, wakauliza, wakaenda mbele ya mahakama maalumu ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ikaifuta leseni, sababu moja kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Kesi hizo hazikushindwa wala kushinda kwa kelele. Zilikwenda kwa karatasi, na karatasi zinataka mtu wa kuzisoma ambaye pia anajua kamba huvuliwa wapi.

Na bandari yenyewe? Ilizinduliwa kwa shamrashamra Machi 2012, vijana 1,000 wa Lamu wakaahidiwa kusomeshwa kazi zake, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Hiyo ni hadithi ya serikali, ina kurasa zake, siku nyingine tutaifungua.

Nirudi darajani kwetu. Jioni ile mwenyeji wangu hakumpa binti majibu. Alimuuliza tu maswali, kama wafanyavyo walimu. Nani anayewafundisha watoto wa mtaa hesabu baada ya madrasa? Yeye. Tangu lini? Tangu Kidato cha Pili. Nani anayeandika daftari la chama cha akina mama wanaouza mahamri na viazi karai? Yeye, maana mama hasomi mwandiko wa mwenziwe. Nani alivuka Mokowe na bibi kumpeleka hospitali wakati wa kusi, bahari imechafuka, wanaume wote wakiwa uvuvini? Akanyamaza. "Lakini hayo ni mambo ya nyumbani," akasema.

Kosa hilo, msomaji, hulifanya watoto wa kike hasa. Wavulana wakiwa makapteni wa timu ya kandanda ya mtaa hujaza ukurasa wote na kuomba mwingine. Wachaguzi wenye akili hawatafuti cheo. Wanatafuta mtu aliyeona pengo akaliziba bila kutumwa. Andika jina la pengo, andika ulifanya nini, andika kilichobadilika, na idadi iwe ya kweli. Usinunue insha kwa mtu wa saiba. Walioketi upande wa pili wamezisoma elfu na wanazijua kwa harufu. Na yeyote anayekuomba pesa ili fomu yako "ifike kwa mkubwa" ni mwizi, hata akiwa amevaa tai.

Alhamisi usiku niliwakuta kwenye duka la kompyuta karibu na gati. Mtandao ulikuwa umekatika mara mbili, na mwenye duka alikuwa ameshateremsha nusu ya mlango. Binti alikuwa akipiga chapa, mama ameketi ubavuni pake kwenye kreti la soda, mkoba mapajani. Alipomaliza, mama akamwambia kijana wa duka ausome ukurasa ule kwa sauti, autafsiri kwa Kiswahili. Kijana akasoma. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba anafundisha watoto 14, mama akainua mkono.

"Ni 17," alisema. "Wamesahauliwa wale watatu wa Matondoni."

Binti akarudi nyuma, akafuta, akaandika upya.